Beseni Ngapi za Chumvi

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya musingi, kisha nikatoka. Hakuna aliyenifukuza. Baba alikufa, na maziwa hayangojei kengele ya shule. Nikachukua kinga yake, baiskeli ile ya kazi, nikafunga bidoni mbili za maziwa huku na mbili huku, nikaanza kukanyaga pedali toka vijiji vya upande wa Djugu na vya barabara ya Boga mpaka Bunia. Asubuhi nilishuka na maziwa, muchana nilipanda na chumvi ya ngombe. Nyumba yangu ya mutaa wa Bigo, ya matofali ya kuchoma, niliijenga kwa miguu hii miwili. Diploma haikubeba hata tofali moja. Nasema hivyo mwanzoni ili mutu asije kunionea huruma huko mbele.

Vita ilipopoa, maana sisemi ilipoisha, tulibaki na ile amani ya kulala na viatu muguuni. Ngombe waliobaki walikuwa wachache, na ugonjwa wa mapafu ukaanza kuwamaliza hao wachache. Unajua ugonjwa ule: ngombe anakohoa, ananyoosha shingo, anakonda mpaka unahesabu mbavu zake toka mbali, kisha anaanguka, na jirani zake wanamfuata. Ndipo wafugaji na waganga wa nyama, wale wanaotibu mifugo, wakaunda shirika dogo la kuchanja. Walitafuta mutu wa kulinda frigo ya dawa, mutu anayejua njia zote na asiyefukuzwa kwenye zizi la upande wowote. Wenye diploma walikuwa wengi mujini. Mwenye kuingia kila zizi alikuwa mumoja.

Chumba cha frigo kilikuwa changu. Funguo ilikaa shingoni mwangu. Na nyuma ya mulango wa chumba kile, mahali hakuna mutu anatazama kwa sababu mulango ukifunguliwa unaegemea ukuta, nilikuwa na hesabu zangu nilizochora kwa makaa. Kila kilima nilikipa alama yake: pembe, daraja lililovunjika, muti wa kaliptusi, jiwe. Chini ya alama nilichora vistari. Saison, musimu wa kuchanja, ikifika, nilifunga mulango, nikatazama vistari, nikatoa chupa za dawa. Hazikupungua kamwe. Waganga wa nyama walisema, "Muzee iko na kichwa cha ajabu." Niliwaacha waseme.

Vistari vile havikuwa ngombe. Vilikuwa beseni za chumvi.

Nieleze, maana hapa ndipo kuna maneno yote. Mufugaji wa kwetu hahesabu ngombe zake kwa sauti. Babu zetu walisema ngombe aliyehesabiwa hachelewi kufa. Kisha vita ikaja ikawapa babu sababu: waliokuja kuhesabu leo, kesho walirudi kuchukua. Ukimuuliza mutu ana ngombe ngapi, atakuambia wanne, na wengine thelasini wamelala kwa rafiki yake ngambo ya muto. Rafiki naye ukimuuliza, atasema wale si wake, na ni kweli. Hivyo ngombe thelasini hawana kwao. Lakini muulize habari ya chumvi! Hakuna mufugaji asiyelilia bei ya chumvi. Atakuambia bila kumuuliza mara mbili: "Ndugu yangu, mwezi huu nimemaliza beseni tatu, nitakufa masikini." Beseni moja inalambwa na ngombe makumi mawili kwa mwezi. Mimi niliuza chumvi hiyo miaka mingi. Nilijua ngombe wote wa vilima vile, na sikuwahi kumuuliza mutu hata mumoja swali baya.

Sikumwambia mutu wa nje siri hiyo. Ilikuwa shule yangu.

Kisha shirika likapata kordinatrisi mupya. Alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Butembo waliohamia Bunia, amesomea uganga wa nyama mpaka mwisho, anatembea haraka kama mutu aliyeacha sufuria motoni. Siku ya mukutano alifungua katoni, akatoa tablete tatu. Ndani yake kulikuwa na maswali ya kuuliza wafugaji, na majibu yalikuwa yanakwenda yenyewe mpaka biro, ofisini kwa shirika.

"Toka saison hii," alisema, "hesabu ya dawa itatoka humu. Papa wa frigo, tutakufundisha pole pole."

"Mafundisho mimi nilimaliza mwaka wa tatu," nikamujibu.

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, kisha akauliza kwa heshima, "Lakini Papa, weye unapangaka dawa namna gani?"

"Kwa kichwa."

Akaweka tablete chini.

"Papa, kichwa hakiendake na rapo ya kuandika. Siku weye uko mugonjwa, siye tutafanya nini?"

Lilikuwa swali zuri. Mimi nilisikia lingine. Nilisikia: muzee, siku zako zimekwisha, lete funguo.

Waganga wawili wakaenda na tablete kwenye kilima kimoja cha barabara ya Boga, wakauliza kila mwenye zizi: una ngombe ngapi? Wakarudi na furaha. Mashini ilijumlisha yenyewe: ngombe makumi tisa na mumoja. Chupa moja ya dawa ile inatosha ngombe hamsini. Kordinatrisi akaja kwenye frigo.

"Chupa mbili, Papa."

Nilimuacha nje, nikafunga mulango nitafute barafu, nikatazama alama ya kilima kile, ile ya pembe. Vistari kumi na kimoja. Ngombe zaidi ya mia mbili.

Nikatoa chupa mbili, nikazifunga vizuri na barafu kwenye boksi.

"Hizi zitatosha kweli?" akauliza. Nadhani aliona kitu usoni mwangu.

"Mashini imesema nini?"

"Imesema mbili."

"Basi mbili."

Hayo ni maneno yangu. Sikudanganya hata neno moja, na sijawahi kusema uongo mubaya kuliko ule.

Tulifika kilimani jua likiwa bado dogo. Ngombe walipita mumoja mumoja kwenye njia nyembamba iliyozungushiwa miti, sindano, rangi mugongoni, nenda. Na wengine walikuwa wanapanda toka bondeni. Habari ya dawa ya bure ilikuwa imewatoa wote waliofichwa, wa rafiki na wa rafiki ya rafiki. Dawa ile ukishaichanganya na maji yake, haingojei. Ndani ya saa moja iwe imekwisha ao uimwage. Tulichanja mbio mbio. Kabla jua halijapanda vizuri, chupa zote mbili zilikuwa tupu, na ngombe wengi kuliko tuliowachanja walikuwa wamesimama wanatutazama.

Nyuma ya wote alisimama mujane mumoja na ngombe zake tatu: jike jeusi lenye mimba, ndama jike aliyekomaa, na dume dogo. Kwa desturi ya pale ngombe za wakubwa zinatangulia, na za mujane zinafunga njia. Mama yule nilimujua toka zamani. Nilibebaka maziwa yake kwenye kinga, wakati zizi lake lilikuwa limejaa na bwana yake alikuwa hai. Vita ilimuachia tatu hizo. Maziwa ya ile nyeusi ndiyo yalilisha nyumba nzima ya wajukuu. Na vilima viwili mbele, ngombe walikuwa wameanza kukohoa.

Alinitazama mimi, hakutazama mwenye tablete.

"Kijana wa maziwa," akaniita. Kichwa changu ni cheupe kama pamba, lakini kwake mimi ni kijana wa maziwa mpaka kaburi. "Dawa iko wapi?"

"Imekwisha, Mama."

"Imekwisha namna gani? Weye ulijuaka maziwa ya kilima muzima bila kuandika. Leo umeshindwa kuhesabu tatu?"

Kordinatrisi akaingilia. "Mama, samahani. Hesabu ilikuwa mbaya. Watu walitudanganya."

Muzee wa kilima, mwenye zizi kubwa kuliko yote, akapiga fimbo chini. "Nani amekudanganya, binti? Uliuliza swali la polisi, ukapata jibu la polisi."

Wanaume wakacheka. Mujane hakucheka. Aligeuza ngombe zake, akashuka nazo bila kuaga.

Njiani kordinatrisi alikaa nyuma ya moto yangu, pikipiki ya kazi. Nilimuuliza kama tunaweza kurudi upesi kwa ajili ya ngombe wale watatu wa mujane.

"Papa, kufungua chupa ya ngombe hamsini kwa ngombe tatu? Arobaini na saba tumwage chini? Siwezi kutia saini. Wale wengine watakataa kurudi, wameshakasirika. Tutangoja saison ingine."

Saison ingine ilikuwa miezi sita. Kikohozi hakina kalenda. Kwenye barieri wanajeshi walitusimamisha, wakatazama boksi tupu, wakatuacha.

Nyumbani bibi yangu wa ndoa alileta sombe na samaki. Nilishika ugali, nikaurudisha.

"Sura yako iko kama ya mutu ameiba," akasema.

Nikamwambia yote. Yeye siri ya chumvi aliijua. Alikuwa anaiuza pamoja nami. Nilingoja anipe haki, aseme wasomi wamepata fundisho. Aliosha mikono polepole.

"Basi mashini haikumunyima mujane dawa," akasema. "Weye njo umemunyima. Mashini ilikuwa haijui. Weye ulijua." Akainua sahani yangu, akaipeleka jikoni. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuinua sahani yangu ikiwa bado imejaa.

Asubuhi nilimuita kordinatrisi kwenye chumba cha frigo, nikafunga mulango. Akaogopa kidogo, mwanamuke peke yake na muzee wa hasira. Nikamuonyesha nyuma ya mulango. Nikamueleza beseni, vistari, makumi mawili kwa kila beseni. Nikaweka kidole kwenye pembe. "Hiki ndicho kilima cha jana. Hesabu mwenyewe."

Akahesabu. Kumi na kimoja. Akazidisha, midomo inacheza. Kisha akageuka.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Papa, ulijua, na ukanipa mbili?"

Nilitazama chini. Nimetukanwa na wanajeshi, nimepigwa na wezi, sijawahi kutazama chini namna ile mbele ya mutoto niliyemuzidi miaka arobaini.

Nilivua funguo shingoni, nikamunyoshea. Hakuipokea.

"Ya kusamehe tutaona," akasema. "Kwanza nifundishe."

Tukakaa juu ya makatoni, siku mbili. Yeye na tablete, mimi na mulango. Mutu asidhani nilikubali kila kitu. Nilimuambia, majina ya watu yasiingie mule. Akaweka alama zangu za makaa: alipiga mulango picha, akazitoa moja moja, pembe, daraja, kaliptusi, jiwe. Nilimuambia, swali la ngombe ngapi lifutwe. Akalifuta, akaandika: beseni ngapi za chumvi zinaisha kwa mwezi? Pembeni akaweka picha ya beseni, ili hata asiyesoma abonyeze. Nilimuambia, mashini ijumlishe ndani kwa ndani, isitangaze mbele za watu. Hilo lilimutesa nusu ya siku, lakini alilipata. Na yeye aliniambia mambo pia. Vistari vya daraja nilikuwa sijavigusa tangu watu wa kilima kile wahame. "Papa, unachanja ngombe waliokwisha kwenda," akasema. Nilikasirika, kisha nikaona ni kweli. Mulango wangu ulikuwa unajua kuongeza, haukujua kufuta.

Kilima cha pembe kilikuwa kinatungoja. Ili tufungue chupa tatu bila kumwaga, tulihitaji wale wengine wote warudi, na walikuwa wameapa hawarudi. Nilikwenda peke yangu, siku ya nne. Wakubwa walikuwa wamekaa kwenye kibaraza cha muzee wa zizi kubwa. Nikaona hakuna njia ya kupita pembeni. Nikawaambia kosa langu. Ili waelewe kosa, ilibidi niwaambie siri.

Muzee akainua fimbo.

"Subiri," muzee akasema. "Weye ulikuwa unatuhesabu miaka hii yote, kwa midomo yetu wenyewe?"

"Ndiyo."

"Siku ukiuza chumvi?"

"Siku zote."

Mumoja akasimama. Nilijua ningeweza kushuka kilima kile na meno machache. Muzee akamukalisha na mukono.

"Wakati wa vita pia ulijua?"

"Nilijua."

"Waliokuja kuchukua ngombe, walikuuliza?"

"Waliniuliza. Walinivunjia kinga, wakanivunjia na huu." Nikawaonyesha mukono wa kushoto, ule usionyooka. "Niliwaambia mimi ni mutu wa maziwa, hesabu sijui, nilitoka shule mapema."

Muzee alinitazama sana. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe ule ujinga wako ulitulindaka! Basi endelea kutuhesabu. Lakini chumvi uliniuziaka bei mbaya, hiyo sisamehe."

Kesho yake tulipanda na chupa tatu. Ngombe walijaa njia. Nilisimama mbele ya miti na kusema mujane aanze.

"Toka lini?" mutu akapiga kelele.

"Toka leo. Asiyetaka, boksi hii nitaikalia."

Mama akapita na tatu zake. Ile nyeusi ilipokea sindano bila kutikisa sikio. Sikupata asante. Aliniambia, "Umechelewa, lakini umekuja," akaenda. Chupa ya tatu ilibakia na dawa ya ngombe wachache tu, ikamwagwa, na kordinatrisi akatia saini bila kununa.

Nisifiche kitu. Kikohozi kilifika kilima kile kabla dawa haijakaa vizuri mwilini. Dume dogo la mujane lilikufa. Labda lingekufa tu. Waganga wanasema hakuna wa kujua. Mimi zile siku nilizopoteza nazijua ni za nani. Jike jeusi lilipona, ndama jike alipona, na kilima kwa jumla kilisimama.

Saison iliyofuata, kordinatrisi alinipa tablete mukononi, mbele ya wote. Kidole changu kimekaushwa na chumvi na kamba, kioo kilikikataa. Nikabonyeza, hakuna. Nikabonyeza tena, hakuna.

"Papa, lamba kidole," akaninongoneza.

Nikalamba. Beseni ikafunguka. Nilizunguka kilima chote hivyo, nikilamba kidole kama mutu anayeonja muchuzi, na watu walinililia bei ya chumvi kwa furaha, wakijua sasa ninachosikia. Mwisho nikafika kwa mujane. Alikuwa anakamua.

"Mama, beseni ngapi za chumvi zinaisha kwa mwezi?"

Akaacha kukamua. "Beseni? Kijana wa maziwa, nani mujane ananunua beseni? Mimi nanunua na kikombe, kimoja kwa kila ngombe."

Nilisimama pale na mashini yangu. Miaka yote ya vistari vyangu, yeye na wenzake wote wenye ngombe mbili tatu hawakuwa hata kistari kimoja. Dawa iliwafikia kwa sababu nilikuwa natoa chupa nzima, na chupa nzima ina masalio. Nilikuwa sijawahesabu kamwe. Nilimuita kordinatrisi, nikamwambia, mbele ya mama mwenyewe. Alikaa chini kwenye nyasi, akafungua tablete ingine, akafanya kazi mpaka maziwa yakajaa ndoo. Chini ya beseni ikatokea picha ndogo ya kikombe.

"Sasa uliza," akaniambia.

"Mama, vikombe vingapi?"

Alitazama ile nyeusi, na ndama wake mupya aliyekuwa anapiga kichwa kwenye kiwele, na yule ndama jike ambaye sasa alikuwa mwanamuke muzima. Alitazama kando, kama desturi inavyotaka. Alijua vizuri ninachomuuliza.

"Vitatu," akasema kwa sauti. "Tena uandike vizuri."

Nikalamba kidole.